Majivu ya Bibi kwenye Banda la Kobe

Jumapili iliyopita, tuliporudi kutoka kanisani, binti yangu aliniita uani kwa sauti ya mtu aliyeona nyoka. Nilikimbia hivyohivyo na viatu vyangu vya ibada. Kumbe si nyoka. Alikuwa ameinua kipande cha ubao kwenye banda la kobe wake, na chini yake, kwenye udongo wenye unyevu, vidudu vyeupe vilikuwa vinarukaruka, vidogo kama chembe za chumvi. Mkononi alishika chupa ya dawa ya kupulizia mbu, kidole tayari. Nikamwambia aiweke chini. Akauliza kwa nini. Nikafungua mdomo nimweleze, nikajikuta nimekalia ndoo iliyopinduliwa, nacheka na machozi yananitoka. Mtoto alidhani nimechanganyikiwa. Wewe utanielewa, rafiki yangu, maana wewe hunikimbii nikianza habari za Baraka.

Sasa naishi Uvira, lakini nililelewa mjini Baraka, kwa bibi mzaa mama. Tulimwita Koko, kama watoto wote wa mtaa wetu walivyowaita bibi zao. Nyumba yake ilikuwa karibu na ziwa, karibu kiasi kwamba upepo ukigeuka, harufu ya ndagala, dagaa wetu, zilizoanikwa mchangani iliingia mpaka chini ya blanketi. Asubuhi niliamshwa na mchi wa jirani fulani akitwanga sombe, yaani majani ya muhogo, halafu mashua za mizigo zikinguruma kuelekea ng'ambo, halafu sauti ya bibi mwenyewe, ambayo ilizishinda zote. Nyuma ya jiko, kati ya banda la kuku na mti wa papai, palikuwa na uzio mdogo wa matofali yaliyovunjika na matete, umefunikwa upande mmoja na bati kuukuu. Humo aliishi kobe. Kila asubuhi, kabla hatujanywa chai, bibi alitupangia kazi kwa maneno yaleyale: "Mulishe mugeni kwanza."

Mgeni ndiye kobe. Na kweli alikuwa mgeni, kwa sababu hakuwa wetu.

Alikuwa wa jirani yetu wa zamani, mama mmoja aliyeshuka kutoka milimani, pande za Bibokoboko, na kuuza maziwa pale mtaani. Mimi namkumbuka kwa mbali tu: kibuyu cha maziwa ya kuganda, kicheko alichokificha kwa kiganja, na jinsi yeye na bibi walivyoweza kusimama kwenye uzio na kuongea mpaka sombe ya bibi ikaungua. Waliitana "jirani" tu, majina yao hawakuyatumia. Mwaka ule vita vilipoingia na watu wakaanza kutawanyika, wengine milimani, wengine ng'ambo ya ziwa, wengine wasijue waendako, mama yule alikuja kwetu na mtoto mgongoni na kapu kichwani. Ndani ya kapu alikuwemo kobe, aliyekuwa naye tangu hajaolewa. Bibi alitusimulia maneno yake mara nyingi mpaka tukayashika kwa kichwa: "Jirani, mi siwezi kutembea na huyu. Unichungie yeye mupaka nirudi." Bibi akajibu, "Nitamuchunga." Basi, yakaisha hapo, mmoja akashika njia na mwingine akabaki na kapu.

Nasi hatukukaa sana mjini. Tulikimbilia mashamba ya bibi huko ndani, tukaishi katika kibanda cha majani, na kobe katika kapu lake kando ya moto, chini ya nguo zetu. Sitaki kukuchosha na habari za kipindi kile. Muhogo uliisha, tukala mapapai mabichi ya kuchemsha, tukala majani ambayo mpaka leo siyajui majina. Kobe alikula majani hayohayo, na kama kawaida alianza yeye. Hali ilipotulia tukarudi Baraka, na kitu cha kwanza bibi alichojenga, kabla hajaziba paa lililotoboka, kilikuwa ule uzio wa matofali na matete.

Alimtunza kwa namna ambayo majirani waliicheka. Jirani yule alikuwa akimwita kobe wake kwa lugha ya kwao, "ngwino", yaani njoo. Bibi hakujua lugha ile zaidi ya salamu na neno hilo. Lakini kila alipompelekea papai bivu au uyoga, aliinama kwenye uzio akaita, "Ngwino, ngwino," kwa lafudhi yake nzito ya mtu wa ziwani. Tulipomuuliza kwa nini hamwiti kwa Kiswahili kama anavyotuita sisi, alijibu kwamba mwenyewe akirudi asikute kobe amesahau lugha ya nyumbani. Alisema hivyo bila kutabasamu, nasi tukaanza kuita hivyohivyo.

Miaka ikapita. Halafu, mwanzoni mwa masika moja, mfanyabiashara wa ng'ombe aliyepitia kambi za wakimbizi alikuja na ujumbe wa mdomo: jirani yuko hai, na mvua zikiisha atarudi. Sijawahi kumwona bibi akifurahi vile. Alicheza pale uani, na miguu yake ile iliyokuwa inauma, kitambaa kikamwanguka kichwani asikiokote. Halafu akaenda moja kwa moja kwenye uzio, akainama, akamweleza kobe habari zote. Kuanzia siku hiyo kazi zetu ziliongezeka mara mbili. Banda lilifagiliwa kama sebule ya mchungaji.

Sasa mvua za mwaka ule zilikuwa za kunyesha na kukaa. Udongo wa banda haukukauka. Maganda ya papai yaliota ukungu kabla hatujayatoa. Asubuhi moja binamu yangu aliinua bati akute nini? Vidudu vyeupe, vingi, vinarukaruka kwenye majani yaliyooza. Tulipomgeuza kobe, tukaona vingine kwenye mikunjo ya shingo na makwapa yake: vidogo sana, vyekundu, vimeganda kwenye ngozi kama unga wa pilipili. Bibi alivitazama, akashika kiuno. "Bale badudu banakula muntu wangu," akasema, "na mwenyewe iko mu njia anakuja."

Ukitaka kujua bibi alifanya nini, kwanza ujue majivu ni nini kwetu. Maharagwe ya mbegu tuliyahifadhi ndani ya majivu, wadudu wasiyatoboe. Chooni tulimwaga majivu. Kuku wakipata utitiri, walimwagiwa majivu kwenye banda, wakajigaragaza humo, wakapona. Hata meno, mkaa na majivu. Hapakuwa na nyumba mtaani isiyokuwa na debe la majivu nyuma ya jiko, na la bibi lilijaa kila wakati. Kwa hiyo alifanya ambacho mwanamke yeyote wa Baraka angefanya. Alimtendea kobe kama kuku. Alimwaga majivu bandani mpaka pakawa peupe, akayachukua mengine kwa kiganja, akampaka kobe shingoni, miguuni, na kila mahali ambapo kidole kiliingia.

Kesho yake vile vidudu vyeupe havikuonekana. Bibi alitembea mtaa mzima akitangaza ushindi. Aliwashauri watu ambao hata kobe hawana.

Halafu mvua ikanyesha, ikapitia kwenye matundu ya bati, ikayalowesha majivu yote. Kobe akakaa ndani ya uji ule wa kijivu mchana kutwa, maana sote tulikuwa tumejificha ndani na hakuna aliyefikiria lolote. Mvua ilipokatika tukamkuta amefumba macho. Kope zake zilikuwa zimevimba, ngozi ya miguu imebabuka, na wale wekundu wangali palepale, tena wamezama zaidi kwenye mikunjo. Bibi akaita, "Ngwino." Hakutoa hata kichwa. Tukamwekea papai, akaliacha. Tukamtafutia uyoga, chakula alichokuwa akikifuata kama mtoto anavyofuata andazi, akauacha ukanyauka mbele ya pua yake. Ikawa hivyo kila siku.

Hapo ndipo nilipomwona bibi akiogopa. Nilikuwa nimemwona mashambani, wakati wa njaa na mabaya mengine, na hakuwa na uso ule. Aliacha kwenda sokoni. Alikaa kwenye kigoda kando ya uzio, mikono imelala mapajani, akirudia, "Nitamuambia nini? Atatoka kule kote, nitamuambia nini?" Watu wakaja na ushauri, maana Baraka ushauri haununuliwi. Mmoja akasema tumpake mafuta ya taa. Mwingine akasema kuna dawa ya kuogeshea ng'ombe wenye kupe, tumchovye mara moja tu. Bibi aliwasikiliza wote kwa adabu, ila baada ya majivu alikuwa ameanza kuogopa kila kitu kinachoitwa dawa.

Mjomba wangu, mtu mwema lakini wa njia za mkato, alikuja na wazo lake. "Mama, usijisumbue. Kobe ni kobe. Niko naenda mu pori, nitakuletea ingine ya kulingana na huyu. Hatajua."

Bibi akamgeukia. "Na wewe," akasema, "ningekubadilisha na mutoto wa mwengine ile siku nilikuzaa, baba yako hangejua?"

Mjomba akasema kwamba mtu na kobe si kitu kimoja. Bibi akamwambia ajaribu kumwuliza baba yake, na kwa kuwa babu alikuwa kaburini siku nyingi, maongezi yakaishia hapo.

Aliyetuokoa alikuwa mama mmoja wa nyumba ya tatu, ambaye bibi hakupatana naye sana. Alikuwa mpika sabuni. Wakati ule wanawake wengi kwetu bado walipika sabuni nyumbani: unachoma makapi ya michikichi na maganda ya ndizi, majivu yake unayachujia maji, maji yale makali unayachemsha na mawese mpaka yashikane. Mama huyu alikuwa amekuja kuazima sufuria. Akapita uani, akaona banda, akaona uji wa kijivu, akasimama. Akachovya kidole kwenye yale majivu yaliyolowa, akakigusisha ulimini, akatema.

"Dada," akasema, "huyu umemupikia sabuni."

Bibi hakuelewa. Mama yule akamwonyesha viganja vyake, vilivyojaa makovu meupe ya kazi. "Majivu ya kukauka haina neno. Ikikunywa maji, inakula ngozi. Angalia mikono yangu. Ile maji ndiyo umemuogesha nayo, na macho yake ilikuwa wazi." Bibi akavitazama viganja vile. Halafu akauliza, kwa sauti ndogo ambayo sikujua kama anayo, mikono ikiungua hivyo yeye anafanyaje. "Maji mingi," akajibiwa. "Maji, maji, mupaka uchoke. Kiisha unapakaa mawese mubichi."

Rafiki yangu, tulichota maji ya ziwa mpaka njia ya kwenda ufukweni ikawa utelezi. Tulimweka kobe kwenye beseni pana, maji yaliyopashwa jua, yakifika chini ya kidevu chake tu, bibi akimmwagia taratibu machoni kwa kikombe chake mwenyewe cha chai. Tulikomba udongo wote wa banda, tukautupa mbali, tukaleta mchanga mkavu wa ufukweni na majani makavu ya migomba. Bati lilihamishwa ili jua la asubuhi liingie. Halafu kazi niliyoipenda kuliko zote: tulipewa manyoya ya kuku, tukayachovya kwenye mawese, tukampaka katika kila mkunjo. Wale vidudu wekundu, mawese yakiwafunika, walishindwa kupumua, wakaachia, tukawafuta na kitambaa. Tulirudia kila siku. Mikono yetu ilikuwa myekundu, nguo zetu nyekundu, na kobe akang'aa kama samaki aliyetoka kwenye kikaango. Mama mpika sabuni alikuja kukagua, akikosoa kila kitu, na bibi alimvumilia. Mwisho wakawa wanakunywa chai pamoja, jambo ambalo mtaa ulilizungumzia kuliko hata kobe.

Na wale weupe? Walirudi, bila shaka, mara tu unyevu ulipoingia tena chini ya majani. Binamu yangu alikimbia kuleta habari. Safari hii bibi hakufanya haraka. Alivuta kigoda, akainama, akawatazama asubuhi nzima, wali wa mchana ukachelewa. Alitumwagia ripoti yake tukiwa tunakula. Alisema wale hawapandi juu ya kobe kabisa. Wanakula ukungu wa maganda, wanakula uozo, na pale walipopita panabaki pasafi. "Banafagia kupita nyinyi," akatuambia. "Mubaache. Mutoe chakula kabla haijaoza, na banda ikauke. Basi." Ndiyo maana nilimwambia binti yangu aweke ile chupa chini. Sikuyasoma popote. Niliyapata kwa mwanamke aliyekosea kwanza, akakaa chini akatazama.

Siku moja, mvua zikiwa zimepungua, bibi akaita kama kawaida yake, bila matumaini mengi, "Ngwino." Kichwa kikatoka. Jicho moja lilifunguka. Kobe akasogea, akafungua mdomo ule usio na meno, akauma kipande cha uyoga. Bibi akainuka. Aliingia ndani, na tukamsikia akiimba wimbo wa kwaya kuanzia mwanzo mpaka mwisho, beti zote. Lile jicho la pili halikufunguka tena. Lilibaki jeupe, kama maji ya mchele, na hilo ndilo lililomkosesha raha mpaka siku jirani alipofika.

Alifika kwa pikipiki, na mtoto aliyeondoka mgongoni sasa amekaa nyuma yake, msichana wa miguu mirefu. Bibi alikuwa amevaa kitenge chake cha kanisani tangu asubuhi. Walikumbatiana muda mrefu sana, wakapigana mgongoni, wakatazamana, wakakumbatiana tena. Nilikuwa nimesimama na kikombe cha maji ya mgeni. Lakini bibi, ambaye angetufinya masikio kama tungesahau kumpa mgeni kiti, hakumpa kiti wala maji.

"Jirani, mbele ya kukaa, niko na neno," akasema. "Kobe yako, nilimuharibia jicho. Nilimumwangia majivu. Ni mi mwenyewe, haiko batoto. Unisamehe."

Yule mama alimtazama kama mtu asiyesikia vizuri. "Kobe gani?"

"Kobe yako. Ile uliniachia."

"Iko muzima?"

Bibi akageukia banda, akaita. Majani ya migomba yakachakarisha, na kobe akatoka na jicho lake moja, polepole, mpaka kwenye matofali. Jirani akakaa chini, palepale kwenye vumbi, na nguo yake ya safari. Akamshika gamba kwa viganja viwili. Alisema naye kwa lugha yao maneno ambayo sisi hatukuyajua, ila lile moja tulilijua.

Halafu akainua uso. "Jirani, mi nilijua mulishamukula," akasema. "Kule kambini batu balitufikia, balitueleza njaa ya huku. Nikasema basi, bamemukula, na bamefanya muzuri, batoto bapate kitu. Nilikusamehe tangu siku ile. Hata mu kanisa nilikuombea, nikamuambia Mungu asikuhesabie."

Bibi alichukia. Kweli alichukia, uso ulibadilika. "Umenisamehea kitu sikufanya?" Wakatazamana. Sijui ni nani aliyeanza kucheka. Najua walicheka mpaka wakashikana, halafu hakikuwa kicheko tena, na mama mpika sabuni aliyekuwa ananyemelea kwenye uzio akaingia naye, wakalia watatu.

Nilibaki na kikombe changu cha maji, nikimtazama kobe, na ndipo kwa mara ya kwanza maishani nilipoona kwamba alikuwa kitoweo. Kule mashambani, sufuria ikichemka na majani matupu, wajomba zangu wamelala na njaa, sisi watoto tunalia, yeye alikuwa kapuni kando ya moto, mnene, hana mbio. Hakuna aliyesema. Hata mjomba wa njia za mkato hakusema. Na mimi, niliyekuwa na njaa ya kula udongo, halikunijia hata wazo, kwa sababu bibi alikuwa amempa jina la mgeni, na mgeni haliwi.

Siku ile jirani alipanda na kobe wake milimani. Baadaye huko juu watu wametawanyika tena, na kila ninapowaona wanaoshuka nauliza habari zake, bado sijapata. Bibi alikwisha kutuacha. Sabuni sasa inakuja kwa makatoni, hakuna anayechuja majivu, na pale palipokuwa na banda pana kibanda cha kuchajia simu. Kijana wa pale alinikaribisha vizuri nilipokwenda mara ya mwisho, akaniuliza natafuta nini, nikamwambia napumzika tu.

Mimi ni mama sasa. Nimewahi kusimama mbele ya sufuria tupu huku watoto wananitazama mikono, kwa hiyo najua ni nini kilichomjia bibi kila jioni alipoinua zile nguo kuangalia kama kobe yupo. Alitupa vingi, na vyote nilimshukuru angali hai. Hiki sikuwahi kumshukuru, basi nakishukuru leo: ile nyama aliyotunyima.